Gertrude Blom: Mkimbizi wa Uswisi aliyepata kwao kwa Wamaya

Na Mwandishi Wetu

ASUBUHI ya Januari 1, 1994, wakazi wa mji wa San Cristóbal de las Casas, kusini mwa Mexico, waliamka na kukuta mji wao umekwisha kutwaliwa. Usiku wa kuamkia mwaka mpya wakulima wa Kimaya walioficha nyuso zao, baadhi wakiwa na bunduki za kweli na wengine wakiwa na bunduki za mbao tu, walishuka kutoka milimani na misituni wakaingia mjini. Walijiita Wazapatista, na walichodai kilikuwa ardhi, haki na heshima.

Siku tisa kabla ya tukio hilo, Desemba 23, 1993, alikuwa amefariki dunia katika jimbo hilo la Chiapas bibi kizee wa miaka 92, mzaliwa wa Uswisi, ambaye kwa nusu karne alikuwa akipiga kelele kwamba msitu unaisha na watu wake wanateseka. Jina lake ni Gertrude Duby Blom. Waliomfahamu walimwita Trudi.

Aliacha nyumba kubwa yenye nyua na nguzo, iliyopakwa rangi za kung'aa, katika mtaa wa Vicente Guerrero. Nyumba hiyo inaitwa Na Bolom, na haikuwa nyumba ya starehe kama zile ambazo wageni wenye fedha hujijengea ughaibuni. Ilianzishwa na watu wawili waliokuwa wamepoteza karibu kila kitu, na katika kuijenga kwao kuna somo kuhusu maana ya mgeni kukaa katika nchi ya watu.

Binti wa mchungaji

Gertrude Elisabeth Lörtscher alizaliwa Julai 7, 1901 nchini Uswisi, katika familia ya mchungaji wa Kiprotestanti. Alikulia katika eneo la milima ya Bern. Shule aliyosomea kwanza ni ya kilimo cha bustani, na baadaye alikwenda Zürich kusomea kazi za ustawi wa jamii. Itakumbukwa kwamba Ulaya ya wakati huo ilikuwa imetoka katika Vita Kuu ya Kwanza ikiwa na njaa, wajane na wafanyakazi wenye hasira. Binti wa mchungaji akavutwa na siasa za kisoshalisti, akaanza kuandika magazetini.

Ndoa yake ya kwanza haikudumu, lakini ilimwachia jina la Duby alilolitumia katika maandishi yake. Alihamia Ujerumani, akajiunga na harakati za kupinga ufashisti. Hitler aliposhika madaraka mwaka 1933, watu wa aina yake walikuwa na njia mbili tu: kunyamaza au kukimbia. Yeye aliendelea na kazi yake kwa siri hadi hapakuwa tena na mahali pa kujificha, kisha akakimbilia Paris.

Hata huko hakupata amani. Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, serikali ya Ufaransa ilianza kuwakamata wageni wenye siasa za mrengo wa kushoto, naye akatiwa kizuizini. Alipoachiwa, aliona wazi kwamba Ulaya haikuwa na nafasi kwake. Mwaka 1940 alivuka bahari kwenda Mexico, nchi ambayo wakati wa Rais Lázaro Cárdenas ilikuwa imewafungulia mlango maelfu ya wakimbizi kutoka Hispania na kwingineko.

Alikuwa na umri wa karibu miaka 40. Hakuwa na mume, mtoto wala nyumba.

Kamera na msitu

Mexico ilimpa kazi ya kuchunguza hali za wanawake viwandani. Katika kazi hiyo alisafiri, akakutana na wanawake waliopigana vita vya mapinduzi pamoja na Emiliano Zapata. Alitaka kuwaandika, na aliona kwamba maneno peke yake hayatoshi. Akajinunulia kamera iliyokwisha kutumiwa. Hakuwa amesomea upigaji picha, na hadi mwisho wa maisha yake hakupenda kujiita msanii. Kwake kamera ilikuwa chombo cha kutoa ushahidi.

Alikuwa amekwisha kusoma habari za Walacandon, jamii ndogo ya Kimaya iliyoishi ndani kabisa ya msitu wa mvua wa Chiapas, karibu na mpaka wa Guatemala. Mwaka 1943 aliposikia kwamba serikali inatuma msafara kwenda huko, aliomba aruhusiwe kufuatana nao. Alikubaliwa, akaingia msituni kwa farasi.

Walacandon aliowakuta hawakuzidi watu mia chache. Wanaume kwa wanawake walivaa kanzu nyeupe, na wanaume waliziacha nywele zao zikaanguka mabegani. Wenyewe hujiita Hach Winik, maana yake watu wa kweli. Walilima mahindi, maharage, maboga, mizizi na tumbaku katika shamba moja lililochanganywa kwa ustadi, kisha waliliacha shamba lirudi kuwa msitu kabla ya kulilima tena. Walifukiza ubani katika vyungu vyenye sura za miungu yao, na baadhi yao walikwenda kusali katika magofu ya miji ya mababu.

Wageni wengi wa wakati ule waliamini kwamba watu hao ni uzao wa moja kwa moja wa wajenzi wa mahekalu ya Palenque, mji ulioachwa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Utafiti wa baadaye umeonyesha jambo jingine. Wenyeji wa kwanza wa msitu huo walioitwa kwa jina la Lacandon walivunjwa na Wahispania mwishoni mwa karne ya 17. Walacandon wa leo wanasema lugha ya jamii ya Kiyucatec, na wazee wao walitoka upande wa Yucatán na Petén, wakaingia msituni kujiokoa na utawala wa wageni.

Kwa maneno mengine, mkimbizi kutoka Ulaya alikuwa amefika kwa wajukuu wa wakimbizi.

Mwanaakiolojia aliyepotea

Ni katika msitu huo, mwaka huo huo wa 1943, ndipo Gertrude alipokutana na Frans Blom. Huyu alikuwa Mdenmark, mzaliwa wa Copenhagen mwaka 1893, mtoto wa familia yenye mali. Alifika Mexico mwaka 1919 na kuajiriwa na makampuni ya mafuta. Safari za kikazi zilimpitisha katika magofu ya Wamaya, akaanza kuyachora na kuyaandika habari zake kwa bidii iliyowashangaza wataalamu.

Kutoka hapo nyota yake ilipanda. Alifanya kazi Palenque, akasoma Harvard, na mwaka 1924 akachunguza magofu ya Uaxactún nchini Guatemala, ambako alibaini kwamba kundi moja la majengo lilipangwa kulingana na mahali jua linapochomoza nyakati mbalimbali za mwaka. Chuo Kikuu cha Tulane, mjini New Orleans, kilimchukua. Mwaka 1925 aliongoza msafara maarufu uliopita La Venta, mahali ambapo baadaye ulimwengu ulitambua ustaarabu wa Waolmec.

Kisha nyota hiyo ikazimika. Ndoa yake ilivunjika mwaka 1938, ulevi ukamzidi, na mwanzoni mwa miaka ya 1940 nafasi yake chuoni ilikuwa imekwisha kupotea. Mtu aliyewahi kusifiwa katika mikutano ya wasomi alirudi Mexico akiwa na umri wa miaka 50, akitafuta tena msitu uliompa jina.

Wawili hao walianza kusafiri pamoja. Frans alijua magofu na ramani. Gertrude alijua watu. Walipita msituni kwa farasi na baghala, wakalala chini ya maturubai, wakaandika na kupiga picha. Matunda ya safari hizo ni kitabu chao La Selva Lacandona, kilichotoka katikati ya miaka ya 1950. Lakini safari haziwezi kuwa makao ya kudumu.

Nyumba ya jagwa

Mwaka 1950 walioana na kununua jengo chakavu pembezoni mwa San Cristóbal, mji ulioanzishwa na Wahispania mwaka 1528 katika nyanda za juu zenye baridi, zaidi ya meta 2,000 kutoka usawa wa bahari. Jengo hilo lilijengwa mwaka 1891 kwa nia ya kuwa sehemu ya seminari, lakini seminari yenyewe haikukamilika. Wao wakalichukua na kuanza kulifufua chumba kwa chumba.

Jina la nyumba lilitoka kwa majirani. Kwa lugha ya Kitzotzil, na ni nyumba na bolom ni jagwa, yule mnyama mkubwa wa jamii ya chui anayepatikana katika mabara ya Amerika. Masikioni mwa Wamaya jina la Blom lilifanana na bolom, basi Na Bolom ikawa nyumba ya jagwa na nyumba ya Blom kwa wakati mmoja.

Ili kuelewa uzito wa nyumba hiyo, inafaa kuukumbuka mji ulivyokuwa. Vijiji vilivyouzunguka ni vya Watzotzil na Watzeltal, ambao kila siku walileta mboga, kuni na mikono yao ya kazi mjini. Hata hivyo, hadi katikati ya karne ya 20 Mmaya aliyekutana na mtu wa mjini kando ya barabara alitakiwa kushuka na kumpisha. Mji uliokula jasho lake haukumtaka alale ndani yake.

Katika mji huo, Gertrude na Frans walifungua mlango. Mlacandon aliyefika kutoka msituni, iwe kwa biashara, kwa kesi au kwa maradhi, alipata chumba na chakula Na Bolom bila malipo, na mgonjwa alisaidiwa kufikishwa kwa daktari. Wasomi, wasanii na watalii waliofika walilipa, na fedha zao ziliiendesha nyumba na kugharimia safari za msituni. Jioni wote walikaa kwenye meza moja ndefu ya chakula, profesa wa Marekani akiwa jirani ya mkulima mwenye kanzu nyeupe, na Gertrude kichwani mwa meza amevaa mapambo makubwa ya shingoni.

Chakula kilichokuwa mezani kilitoka kwa sehemu kubwa katika bustani ya nyuma. Binti aliyesomea bustani Uswisi alikuwa amerudi kwenye jembe lake. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwanamama huyo hakungoja kupewa.

Frans alijenga maktaba ya vitabu kuhusu Wamaya na Chiapas, akaipa jina la Fray Bartolomé de las Casas, askofu wa karne ya 16 aliyewatetea wenyeji wa Amerika dhidi ya ukatili wa Wahispania. Watafiti vijana waliokuja Chiapas katika miaka ya 1950 na 1960 walipitia katika maktaba hiyo. Kwa msomi aliyefukuzwa na pombe kutoka chuo kikuu, haikuwa faraja ndogo kwamba sasa wanafunzi wa vyuo vikuu walimfuata nyumbani kwake.

Frans Blom alifariki Juni 23, 1963. Gertrude, wakati huo akikaribia miaka 62, alibaki peke yake na nyumba kubwa, deni la ahadi kwa msitu, na miaka mingine 30 ya kuishi.

Shoka na miche

Katika miaka hiyo msitu wa Lacandon ulianza kubadilika mbele ya macho yake. Awali walioingia walikuwa wakata mahogani na wagema utomvu wa kutengenezea chingamu. Baadaye zilikuja barabara, visima vya mafuta, ng'ombe, na maelfu ya wakulima maskini wa Kitzeltal, Kichol na wengineo waliotoka nyanda za juu wakitafuta ardhi. Wengi wao waliondoka kwenye mashamba makubwa ya matajiri, na serikali yenyewe iliwaelekeza msituni ili isilazimike kuyagawa mashamba hayo.

Mwaka 1972 serikali ya Mexico ilitoa amri iliyozimilikisha familia 66 za Walacandon zaidi ya hekta 614,000 za msitu. Kwa nje ilionekana kama ushindi wa haki. Kwa ndani ilizaa matatizo mawili. Kwanza, maelfu ya Wamaya wengine waliokuwa wamekwisha kujenga vijiji ndani ya mipaka hiyo walijikuta hawana haki. Pili, wenye ardhi wapya walifuatwa na kampuni ya magogo ya serikali, iliyohitaji saini za watu wachache tu ili ipate mahogani ya msitu mzima. Mwaka 1978 hekta 331,200 zilitengwa kuwa hifadhi ya Montes Azules, lakini nje ya hifadhi shoka liliendelea.

Mwanamke aliyeingia msituni kupiga picha za watu sasa alielekeza kamera kwenye visiki na majivu. Aliandika makala, akasafiri Marekani na Ulaya na picha zake, akawashambulia hadharani maofisa wa serikali na wafanyabiashara ya magogo. Katika miaka hiyo ya 1970 alianzisha kitalu cha miche Na Bolom, na miche hiyo iligawiwa bure kwa yeyote aliyekubali kuipanda. Mwaka 1991, mwaka aliotimiza miaka 90, alitunukiwa tuzo ya Global 500 na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lenye makao yake makuu hapa Afrika Mashariki, jijini Nairobi.

Lawama zake

Haitakuwa haki kumchora kama malaika. Walioishi naye walimfahamu kama mtu mkali, mwenye amri, asiyevumilia kupingwa. Alikuwa mgeni aliyeyapenda maisha ya Walacandon jinsi alivyoyakuta mwaka 1943, na hakuficha masikitiko yake vijana wao walipoanza kunyoa nywele, kupokea fedha za magogo na kununua vitu vya dukani. Wapo waliomlaumu kwamba alitaka watu hao wabaki kama walivyo katika picha zake, ilhali yeye mwenyewe alikuwa amebadili nchi, lugha na jina.

Lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Anayehamia kwa watu kwa sababu anaupenda utamaduni wao hujiweka katika hatari ya kuupenda utamaduni kuliko watu. Wakulima waliofyeka msitu nao walikuwa Wamaya, tena maskini, na njaa yao haikuwa ndogo kuliko uzuri wa mahogani. Miongoni mwa wana wao ndimo walimotoka wengi wa wale waliouteka mji Januari 1, 1994, wakitumia jina la yule yule Zapata ambaye Gertrude alizianza kazi zake za picha kwa kuwatafuta wanawake wa jeshi lake.

Hata hivyo, kipimo cha mgeni si mapenzi yake peke yake; ni kile alichokifanya na nafasi aliyopewa. Gertrude hakuwa na mtoto wa kumrithi. Nyumba aliyoifufua na mumewe haikuuzwa wala kugeuzwa mali ya ukoo. Ilikabidhiwa chama cha utamaduni kinachobeba jina la Na Bolom, na imeendelea kuwa makumbusho, maktaba na nyumba ya wageni. Makumi ya maelfu ya picha zake zimehifadhiwa humo. Leo Mlacandon anayetaka kumwona babu yake akiwa kijana, au kuona mti mkubwa uliokuwa mahali palipo malisho ya ng'ombe, anaweza kuupata ushahidi huo katika nyumba ya mwanamke aliyefika Mexico bila nyumba.

Msitu haukuwa na bahati hiyo. Sehemu kubwa ya ule alioupita kwa farasi mwaka 1943 imekwisha kutoweka. Gertrude aliliona hilo kabla hajafumba macho, na inasemekana halikumpa usingizi.

Wahenga walisema pia: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji wa Chiapas hakupona kwa sababu ya Gertrude Blom. Maradhi yalikuwa makubwa kuliko nguvu za bibi mmoja mwenye kamera na kitalu cha miche. Lakini katika mji uliomtaka Mmaya ashuke barabarani, mgeni huyo alimwandalia kiti mezani. Ndiyo maana katika mtaa wa Vicente Guerrero jina lake bado linatajwa kwa heshima.